Machozi ya Waziri Mkuu: Misemo ya Falme Tatu na Nusu Zake Zilizosahauliwa

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha jioni, mwanafunzi wangu mmoja alibaki darasani akinisubiri. Mchana ni mtumishi wa umma, jioni ni mwanafunzi wa historia. Alitoa simu yake akanionyesha ujumbe ambao mkuu wake wa kazi aliutuma kwenye kundi la ofisi. Siku chache kabla ya hapo, kijana mmoja wa ofisi hiyo alikuwa ameondolewa kazini kwa hasara iliyotokea katika kazi aliyokabidhiwa. Ujumbe ulieleza kwamba kiongozi wa kweli humkata kichwa hata yule ampendaye, huku machozi yakimtiririka. Chini yake paliandikwa: hekima ya Wachina.

"Mwalimu," aliniuliza, "ni kweli Wachina walisema hivyo?"

Nilimjibu kwamba msemo huo upo, na kwamba tukio lililouzaa lilitokea mwaka 228. Nilimweleza pia kwamba aliotumiwa ni nusu tu ya habari, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo inayomhusu mkuu wake. Muda haukutosha kumweleza yote. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa wengine wote wanaopokea "hekima ya Wachina" kwenye simu zao bila jina la msemaji, bila mwaka, wala sababu.

Vita vya miaka mia moja, simulizi za miaka elfu moja

Misemo mingi ya namna hii chimbuko lake ni zama moja. Enzi ya ukoo wa Han, iliyoitawala China kwa takriban miaka 400, ilianza kuporomoka waziwazi mwaka 184 wakulima walipoasi wakiwa wamefunga vitambaa vya manjano vichwani. Majemadari waliotumwa kuzima uasi huo waligeuka kuwa watawala wa maeneo yao. Mwaka 220 mfalme wa mwisho wa Han alilazimishwa kuachia kiti, nchi ikagawanyika katika falme tatu: Wei ya kaskazini, iliyojengwa na Cao Cao na kutangazwa na mwanawe, Shu ya kusini-magharibi, chini ya Liu Bei na waziri mkuu wake Zhuge Liang, na Wu ya kusini-mashariki, chini ya Sun Quan. Shu ilianguka mwaka 263. Wei ilipokonywa na ukoo wa Sima, uliounda enzi ya Jin. Wu ilisalimu amri mwaka 280.

Habari za zama hizo zimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni tarikh. Chen Shou, aliyewahi kuitumikia Shu na baadaye akawa chini ya Jin, aliandika kumbukumbu za falme tatu kwa maneno machache na ya tahadhari. Mwaka 429 Pei Songzhi alikamilisha maelezo marefu juu ya kazi hiyo, akakusanya masimulizi mengi ambayo Chen Shou aliyaacha, na pale yalipogongana akayapima. Njia ya pili ni ya wasimulizi wa sokoni, waliosimulia habari hizo kizazi baada ya kizazi, mpaka zikakusanywa katika riwaya ya Sanguo yanyi, yaani Simulizi za Falme Tatu, ambayo kwa desturi mwandishi wake hutajwa kuwa Luo Guanzhong wa karne ya 14. Chapa yake kongwe iliyosalia ni ya mwaka 1522. Umbo linalosomwa leo, lenye sura 120, lilihaririwa katika karne ya 17 na Mao Lun na mwanawe Mao Zonggang. Mwanahistoria wa karne ya 18, Zhang Xuecheng, alikadiria kwamba riwaya hiyo ni ukweli kwa sehemu saba na ubunifu kwa sehemu tatu.

Misemo imetoka katika njia zote mbili. Mingine ina asili katika tarikh, mingine katika riwaya, na mingine ni ya watu wa kawaida waliozitumia habari hizo kutolea mifano ya maisha yao. Kwa hiyo anayetaka kuujua msemo hana budi kuuliza umepita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia yeye.

Mishale iliyobadilisha mwenyewe

Tuanze na mfano mwepesi. Wachina husema "kuazima mishale kwa mashua za majani", wakiwa na maana ya kutumia nguvu za adui kumshinda adui mwenyewe. Katika riwaya, kabla ya vita vya Chibi vya mwaka 208, Zhuge Liang anapewa siku chache atafute mishale 100,000. Anajaza mashua mabua ya majani, anaziendesha katika ukungu hadi karibu na kambi ya Cao Cao, na askari wa Cao Cao wanazimiminia mishale. Alfajiri anarudi na mzigo wake.

Tarikh haina habari hiyo. Miongoni mwa masimulizi yaliyokusanywa na Pei Songzhi kuna tukio la mwaka 213, ambapo Sun Quan alikwenda kwa merikebu kuichungulia kambi ya Cao Cao. Mishale ilijaa ubavu mmoja hadi chombo kikainama, naye akaamuru kigeuzwe ili ubavu wa pili upokee mishale na chombo kikae sawa. Wasimulizi walilipenda tukio hilo. Katika masimulizi ya kabla ya riwaya kitendo hicho alipewa Zhou Yu, jemadari wa Wu, na hatimaye riwaya ikamkabidhi Zhuge Liang. Miaka mia kadhaa ilitosha sifa kuhama mikono mara mbili. Aliye maarufu huvuta kwake hata matendo ya wengine, na jambo hili halikuishia China ya kale.

Mtaje Cao Cao

"Mtaje Cao Cao, Cao Cao atatokea." Msemo huu hutumika kila siku pale anapoingia mtu ambaye ndiyo kwanza alikuwa akizungumzwa. Ni mzaha, lakini ndani yake kuna woga wa mtawala ambaye masikio yake yako kila mahali.

Je, Cao Cao wa tarikh alikuwa hivyo? Alikuwa mkali, na mauaji aliyoyafanya katika vita vyake yameandikwa. Lakini pia ndiye aliyeanzisha mwaka 196 utaratibu wa askari na wakimbizi kulima mashamba ya serikali, katika nchi iliyokuwa imekaushwa na njaa. Mwaka 210 alitoa tangazo la kutafuta watu wenye uwezo hata kama hawakuwa na sifa njema mbele ya jamii. Alikuwa mshairi, na mashairi yake yanasomwa hadi leo.

Sasa tazama neno moja linalohesabiwa kuwa muhtasari wa tabia yake. Alipokuwa mkimbizi, inasemekana aliua watu wa nyumba iliyompokea. Pei Songzhi ameweka masimulizi matatu. La kwanza linasema wenyeji ndio waliomshambulia. La pili linasema aliwashuku bure. La tatu linasema alisikia milio ya vyombo vya jikoni, akadhani ni silaha, akaua, na kisha kwa huzuni akasema kwamba ni afadhali yeye awadhulumu watu kuliko watu wamdhulumu yeye. Riwaya ilichukua simulizi hilo la tatu na kulinoa. Iliiondoa huzuni. Mahali pa watu ikaweka ulimwengu wote. Maneno ya mtu aliyejitetea baada ya kosa la kutisha yakageuka kuwa falsafa ya mdhalimu.

Kwa nini wasimulizi walimchukia kiasi hicho? Mshairi Su Shi, wa karne ya 11, ameeleza kwamba watoto wa zama zake walipopelekwa kusikiliza simulizi hizi walilia Liu Bei aliposhindwa, wakashangilia Cao Cao aliposhindwa. Kisha mwaka 1127 kaskazini yote ya China ikatekwa na Wajurchen, na enzi ya Song ikabaki kusini. Watu wa kusini walijiona katika Shu, ufalme mdogo uliodai haki ya kurudi nyumbani, na aliyeishika kaskazini akawa kwao mfano wa mnyang'anyi. Hata Zhu Xi, mwanazuoni mkubwa wa zama hizo, aliitambua Shu kuwa mrithi halali wa Han. Kwa hiyo hukumu ya Cao Cao ilibeba pia majonzi ya watu waliozaliwa karibu miaka elfu moja baada yake. Hakupata kuwakosea.

Mbavu za kuku

Watumishi wa umma wausome huu kwa makini. "Mbavu za kuku" ni kitu kisicho na nyama ya kushibisha, lakini huoni vyema kukitupa. Mwaka 219 Cao Cao alikwama Hanzhong akipigana na Liu Bei. Alitoa amri ya neno moja tu: mbavu za kuku. Maofisa hawakumwelewa, isipokuwa mmoja, Yang Xiu, ambaye alianza kufunga mizigo. Alipoulizwa alieleza kwamba Hanzhong ni kama mbavu za kuku, na mkuu ameshaamua kuondoka. Kweli, jeshi liliondoka.

Katika riwaya Cao Cao anamkata kichwa papo hapo kwa kosa la kuvunja ari ya askari. Kwa hiyo wengi hulisoma tukio hili kama onyo: usiwe mwerevu mbele ya bosi. Tarikh inasema vingine. Yang Xiu aliuawa baadaye mwaka huohuo, na makosa aliyosomewa yalikuwa kutoa siri za mkuu na kushirikiana na wana wa mtawala. Alikuwa karibu mno na Cao Zhi, mwana aliyeshindwa katika kuwania urithi. Hakufa kwa kufumbua fumbo la kuku. Alifia katika siasa za nani atarithi kiti. Simulizi ilichagua sababu rahisi, nasi tukafundishwa kunyamaza kazini, ambapo tungeweza kujifunza hatari ya utumishi unaofungwa kwenye jina la mtu.

Nia ya Sima Zhao

Wakati mwingine lakini tarikh ndiyo hunyamaza, na msemo ukawa shahidi. "Nia ya Sima Zhao inajulikana na kila mpita njia" husemwa juu ya njama ambayo mwenyewe anadhani ameificha. Sisi tungesema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Mwaka 260 mfalme wa Wei alikuwa Cao Mao, kijana asiyefika hata miaka ishirini. Madaraka yote yalikuwa mikononi mwa Sima Zhao. Cao Mao aliwaita maofisa watatu, akawaambia kwamba nia ya Sima Zhao ilijulikana na kila mpita njia, na kwamba yeye hangekaa kusubiri kuaibishwa. Wawili kati yao, Wang Chen na Wang Ye, walikimbia kumpasha habari Sima Zhao. Wa tatu, Wang Jing, alikataa kwenda nao. Mfalme akapanda gari lake, akachomoa upanga, akatoka na walinzi na watumishi wa kasri. Mtu wa Sima Zhao, Jia Chong, aliwazuia njiani, na askari mmoja, Cheng Ji, akamchoma mfalme akafa.

Kisha hukumu zikatolewa. Cheng Ji na jamaa zake waliuawa kwa kosa la kumwua mfalme. Jia Chong, aliyemchochea, hakuguswa ingawa ofisa mmoja mzee alidai waziwazi kwamba yeye ndiye aadhibiwe. Wang Jing, asiyekwenda kutoa habari, aliuawa pamoja na mama yake. Waliokwenda kutoa habari walisalimika.

Chen Shou alipofika kwenye mwaka huo aliandika kwamba mfalme alifariki, akataja umri wake, akaweka na tangazo lililomlaumu marehemu. Upanga haukutajwa. Sitamhukumu: aliandika chini ya Jin, na mfalme wa kwanza wa Jin alikuwa mtoto wa Sima Zhao. Lakini maneno ya Cao Mao hayakupotea. Karibu miaka mia moja baadaye Xi Zuochi aliyaandika, Pei Songzhi akayahifadhi, na leo hata mtu asiyejua lolote juu ya mwaka 260 huyatamka anapomwona mwanasiasa akivaa unyenyekevu wa bandia. Kitabu kilichokaa kimya kiliandikwa chini ya Jin, na waliokumbuka ni wapita njia.

Kumwua Ma Su kwa machozi

Sasa turudi kwenye ujumbe wa mwanafunzi wangu. "Kumwua Ma Su kwa machozi" ni msemo wa kumwadhibu mtu wako wa karibu kwa kuheshimu sheria. Mwaka 228 Zhuge Liang aliongoza jeshi la Shu kwenda kaskazini kuishambulia Wei. Mahali paitwapo Jieting, katika jimbo la Gansu la leo, palihitaji kamanda wa kuzuia njia. Maofisa walipendekeza majemadari wazoefu, Wei Yan au Wu Yi. Zhuge Liang alimchagua Ma Su, rafiki aliyependa kuzungumza naye vita kuanzia mchana hadi usiku. Na hapa pana jambo zito: Liu Bei, kabla ya kufa kwake mwaka 223, alikuwa amemwonya Zhuge Liang kwamba maneno ya Ma Su yalizidi uwezo wake, asipewe jukumu kubwa.

Ma Su aliacha maelekezo aliyopewa, akapanda juu ya mlima mbali na maji. Msaidizi wake Wang Ping alimkanya mara kwa mara. Wang Ping huyo, tarikh inasema, alijua herufi zisizozidi kumi. Ma Su alikuwa msomi. Msomi hakumsikiliza. Zhang He wa Wei aliwakatia maji, jeshi likasambaratika, na ni watu elfu moja tu wa Wang Ping waliorudi kwa utaratibu, wakipiga ngoma zao. Vita vyote vya mwaka ule vikapotea.

Ma Su aliadhibiwa. Sehemu moja ya tarikh inasema aliuawa, nyingine inasema alifia gerezani, na zote mbili zimo katika kitabu kimoja. Machozi ya Zhuge Liang nayo yameandikwa. Hapo ndipo msemo unapoishia, na ndipo ujumbe wa yule mkuu wa kazi ulipoishia.

Tarikh inaendelea. Zhuge Liang alimwandikia mfalme kwamba kosa lilikuwa lake: hakuwa na ujuzi wa kuwatambua watu, na kamanda ndiye anayebeba lawama ya jeshi. Aliomba ashushwe ngazi tatu za cheo. Ombi lilikubaliwa. Waziri mkuu akawa jemadari, ingawa aliendelea kufanya kazi ya uwaziri mkuu, na cheo chake hakikurudishwa hadi mwaka uliofuata, baada ya kuteka wilaya mbili. Wang Ping, ambaye hakuwa na elimu wala urafiki na wakubwa, alipandishwa.

Wala riwaya haikuificha habari hii. Kinyume chake, iliongeza jambo ambalo kila kiongozi angepaswa kulijua. Ofisa anamwuliza Zhuge Liang kwa nini analia, ilhali Ma Su ameadhibiwa kwa haki. Anajibu kwamba hamlilii Ma Su. Amekumbuka onyo la Liu Bei, na anajilaumu kwa upofu wake mwenyewe. Machozi yale, kwa mujibu wa riwaya, ni ya bosi kwa kosa la bosi.

Basi ni nani aliyeikata nusu hiyo? Hakuna mtu mmoja. Msemo una maneno machache, na kwa kawaida hubaki na upanga na machozi kwa sababu hivyo vinaonekana. Barua ya kuomba kushushwa cheo haionekani. Hata hivyo ni rahisi kutambua ni nani anayenufaika na ufupisho huo. Mwenye madaraka hupata neno la kumtukuza anapomwadhibu wa chini yake, na hakuna anayemwuliza: ni nani aliyemweka kijana yule Jieting? Ni nani aliyeonywa asimweke? Wang Ping wa ofisi yenu yuko wapi, na amepandishwa?

Sikumwambia mwanafunzi wangu kwamba kijana yule hakuwa na kosa. Silijui kosa lake, na Ma Su naye alikosea kweli. Nilimwambia tu kwamba anayeutumia msemo huu ameukubali mfano wote, pamoja na ngazi zake tatu. Tarikh pekee ingetunyima maneno ya Cao Mao, na msemo pekee ungetunyima barua ya Zhuge Liang. Mwenye kutafuta haki huwaita mashahidi wote wawili, na humsikiliza kila mmoja mpaka mwisho.

Wiki iliyofuata nilimwuliza kama aliujibu ujumbe ule. Alicheka. Alisema aliandika mstari mmoja tu kwenye kundi: "Asante sana, mkuu. Habari ya Ma Su ina sura ya pili, nikiruhusiwa nitaituma."

Hadi naandika haya, hajaruhusiwa.